Haiku R1/beta5 mezani: tathmini kwa wanaoonyesha kompyuta za zamani Mombasa

Ukitaka kuwaonyesha watu mfumo endeshi ambao si Windows, si Mac wala si Linux, na una dakika kumi tu kabla hawajahamia meza ya jirani, chukua Haiku. Tumelipima toleo la R1/beta5, lililotoka Septemba 2024, kwa kazi hiyo moja: kukaa mezani kwenye kikao cha wapenzi wa kompyuta za zamani hapa Mombasa, mbele ya watu wanaosimama, wanauliza, kisha wanataka kushika kipanya wenyewe. Kwa kazi hiyo hatujaona unaoushinda. Kwa kazi za kila siku nyumbani mambo ni tofauti, na tutayafikia.

Mgeni akifika, swali lake la kwanza karibu kila mara ni "Hii ni Linux gani?" Kuwa na jibu fupi. Haiku si Linux. Kiini chake (kernel) kimetokana na NewOS, kazi ya Travis Geiselbrecht aliyewahi kuwa mhandisi wa Be, na kila kilicho juu yake kimeandikwa ili kifanane na BeOS, mfumo endeshi wa kampuni ya Be. Be ni kampuni iliyoasisiwa na Jean-Louis Gassée baada ya kuondoka Apple mwaka 1990. Mwaka 1995 ikatoa BeBox, kompyuta yenye prosesa mbili za PowerPC na safu mbili za taa usoni zinazopanda na kushuka kadiri kila prosesa inavyofanya kazi. Apple ilizungumza na Be mwaka 1996 kutaka kuinunua, mwishowe ikaichukua NeXT. Mwaka 2001 mali ya Be ikaenda kwa Palm kwa dola milioni 11, na mwaka huohuo wapenzi wake wakaanza kuuandika mfumo upya, na ndio Haiku wa leo. Kitu kimoja wageni wa pwani hukishika haraka kuliko tarehe zote hizi: NetPositive, kivinjari cha BeOS, kiliposhindwa kufungua ukurasa kilitoa ujumbe wa kosa kwa ushairi wa haiku, ule mfupi wa Kijapani.

Kuna matoleo mawili ya kupakua, la biti 32 na la biti 64. Kwa matumizi ya nyumbani tungesema 64 bila kusita, maana programu kubwa mpya hufika huko kwanza na nyingine haziji kwenye 32 kabisa. Kwa meza ya kompyuta za zamani chukua 32, hata kama mashine yako inaweza 64. Hilo ndilo pekee linaloendesha programu zilizotengenezwa kwa ajili ya BeOS yenyewe. Jina la faili lake ni haiku-r1beta5-x86_gcc2h-anyboot.iso, na hiyo gcc2 ndiyo kiini cha habari: ni kompaila (chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu) ya zama za BeOS R5, ya mwaka 2000, na Haiku bado umeibeba ili programu ya wakati ule ifunguke leo bila kuguswa. Lazima programu hiyo iwe ya BeOS ya Intel; zile za PowerPC hazifunguki. Ukiweka programu ya mwaka 2000 upande mmoja wa skrini na kivinjari cha leo upande wa pili, umeshaeleza nusu ya maana ya mradi huu bila kufungua kinywa.

Usumbufu wa 32 ni mdogo lakini ujue: vifurushi vilivyojengwa kwa kompaila mpya vina kiambatisho _x86 mwishoni mwa jina. Ukiandika pkgman install (agizo la kusakinisha) na jina tupu, huenda ukaambiwa hakuna kitu. Anza na pkgman search, usome jina kamili, ndipo usakinishe.

Mradi wenyewe unataja kima cha chini cha Pentium II, RAM ya megabaiti 384 na nafasi ya gigabaiti 3 kwa toleo la 32. Hicho ni kima cha kuwaka, si cha kuonyesha. Mbele ya watu tunataka angalau Core 2 Duo, RAM ya gigabaiti 2 na SSD. Katika laptopu za mtumba zinazopatikana mjini, chaguo letu ni ThinkPad X200 au X220. Sababu ni za kifundi tupu: picha ni za Intel na draiva yake ipo, Wi-Fi yake kwa kawaida ni ya Intel na inafahamika, tundu la VGA lipo kwa projekta za ukumbini, na betri hutoka kwa kuvuta kishikizo bila bisibisi. T400 pia inafaa, ila nyingine zina kadi mbili za picha. Ingia kwenye BIOS uchague ile ya Intel peke yake kabla ya jambo lingine lolote. Laptopu yenye kadi ya picha isiyo na draiva haitakataa, ila itaangukia VESA, hali ya picha ya jumla isiyohitaji draiva maalumu, na hapo utakosa ukubwa sahihi wa skrini.

Kutengeneza flashi ya kwanza ni rahisi. Kwenye Linux angalia kwanza jina la flashi kwa lsblk, kisha:

dd if=haiku-r1beta5-x86_gcc2h-anyboot.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress

Weka herufi ya flashi yako badala ya X, na uiangalie mara mbili, maana dd haiulizi. Ukitaja diski ya ndani itaifuta. Malizia kwa sync kabla ya kuchomoa. Kwenye Windows tumia Etcher, au Rufus ukichagua njia ya DD. Ukimaliza, Windows itakuambia flashi haisomeki na kukuomba uiformati. Kataa. Haijui BFS, mfumo wa faili wa Haiku, ndiyo maana inaona flashi tupu.

Flashi hiyo inatosha kujaribu, haitoshi kuonyesha. Nafasi iliyobaki ndani yake ni finyu, na ukijaza video na vifurushi vya ziada itakwama. Tengeneza ya pili, ya gigabaiti 16 au zaidi, au bora zaidi SSD ndogo ndani ya mashine yenyewe. Washa kwa flashi ya kwanza, chagua lugha na kibodi, bonyeza "Try Haiku", kisha ufungue DriveSetup, programu ya kugawa diski. Chagua diski lengwa, ianzishe kwa "Intel Partition Map" kwa mashine ya BIOS ya zamani, tengeneza sehemu moja, iweke alama ya "Active", kisha iformati kwa Be File System. Ndipo ufungue Installer na kunakili mfumo.

Hapa wengi hukwama. Installer inaandika sekta ya kuwakia kwenye ile sehemu, lakini diski ambayo haikuwahi kuwa na mfumo wowote haina msimbo mwanzoni kabisa mwa diski wa kuielekeza mashine kwenye sehemu hiyo. Matokeo yake ni skrini nyeusi na alama inayopepesa. Fungua Terminal, andika writembr na njia ya diski nzima, inayoishia na raw chini ya /dev/disk, kisha uthibitishe. Kwenye mashine za UEFI, mfumo mpya ulioshika nafasi ya BIOS, njia ni tofauti na unahitaji sehemu ya EFI. Ni sababu nyingine ya kubaki na mashine za kizamani kwa siku ya maonyesho. Ukilazimika kutumia mashine mpya, chukua toleo la 64 na uzime Secure Boot kwanza.

Wakati wa kuwaka, Haiku unaonyesha safu ya ikoni saba zinazowashwa moja baada ya nyingine, kuanzia atomu hadi roketi. Si mapambo. Kila moja ni hatua, na ikisimama unajua pa kushika. Ikisimama kwenye ikoni ya nne, ile ya diski ya kuwakia, mfumo umeshindwa kuipata diski yake: hamisha flashi kwenye tundu jingine la USB, au kama ni diski ya ndani ingia BIOS ubadilishe SATA kati ya AHCI na ile hali ya zamani. Ikifika roketi kisha skrini ikawa nyeusi au ya rangi zilizochanganyika, tatizo ni picha. Zima, washa tena huku umeshikilia Shift (kwenye UEFI ni kubonyeza Space), na kwenye menyu ya usalama uweke alama "Use fail-safe graphics driver". Kwenye menyu hiyohiyo unaweza kuchagua ukubwa wa skrini. Mweleze mgeni zile ikoni wakati mashine inawaka. Kwenye SSD ni sekunde chache tu, na ndizo zinazomfanya avute kiti.

Projekta ichomekwe na iwake kabla ya laptopu. Kutofanya hivi ndiko kulikoharibu maonyesho mengi ya Haiku kuliko jambo jingine lolote. Haiku haujui vizuri kugundua skrini iliyochomekwa katikati ya kazi, na usitarajie kupanua meza ya kazi kwenye skrini mbili. Ukichomeka mapema, BIOS yenyewe mara nyingi hutoa picha kote kuwili. Projekta nyingi za kumbi zetu ni za 1024×768 au 1280×800, wakati skrini ya laptopu ni pana. Ukiona picha imekatwa pembeni au projekta inalalamika, fungua Screen kwenye mapendeleo uchague 1024×768, au rudi kwenye VESA kama nilivyoeleza juu. Picha ya laptopu itavutika kidogo, na hilo si tatizo. Watazamaji wanatazama ukutani.

Sasa maonyesho yenyewe. Usianze na kivinjari. Anza na madirisha: shikilia kitufe cha Windows, vuta kichupo cha njano cha dirisha moja hadi juu ya kichupo cha dirisha lingine, uachie. Madirisha ya programu mbili tofauti yameungana kuwa moja lenye vichupo viwili. Rudia, safari hii ukigusanisha kingo badala ya vichupo, na yatashikana ubavu kwa ubavu, ukivuta moja yanakwenda yote. Kisha Alt na F2 uhamie eneo la kazi la pili, ambalo unaweza kulipa ukubwa wake wa skrini. Dakika moja na nusu inatosha kwa hayo yote.

Muda wako uweke kwenye sifa za faili, kwa sababu hapa ndipo Haiku unapofanya jambo ambalo mashine zilizo meza za jirani haziwezi. Katika BFS, iliyobuniwa na Dominic Giampaolo na Cyril Meurillon ndani ya Be, faili halibebi jina na tarehe tu. Linaweza kubeba sifa zozote utakazo, na mfumo wa faili wenyewe unaziwekea faharasa na kuzitafuta kama hifadhidata. Mfano mzuri wa meza hii ni orodha ya kompyuta zilizoletwa ukumbini: kila mashine iwe faili moja, na sifa zake ziwe aina, mwaka na kasoro.

Agizo la kwanza ni faharasa, na mpangilio huu usiugeuze:

mkindex -t int KOMP:mwaka
mkindex -t string KOMP:kasoro

Kisha faili na sifa:

mkdir -p /boot/home/kilabu
touch /boot/home/kilabu/X200
addattr -t int KOMP:mwaka 2008 /boot/home/kilabu/X200
addattr KOMP:kasoro "betri haishiki chaji" /boot/home/kilabu/X200

Ukitengeneza faharasa baada ya faili, zile faili za awali hazitaonekana katika utafutaji. Zina sifa zake, listattr itazionyesha, lakini faharasa huandika tu kinachopita baada ya kuzaliwa kwake. Dawa ni kuandika sifa upya au kutumia reindex. Kosa hili likitokea mbele ya watu inaonekana kama mfumo umeshindwa, kumbe ni mpangilio tu.

Kwenye mapendeleo ya FileTypes tengeneza aina mpya ya faili, uipe sifa hizo na majina yanayosomeka, "Mwaka" na "Kasoro". Uzipe faili zako aina hiyo, na folda ndani ya Tracker (programu ya folda na ikoni za mezani) itaonyesha safu wima kama daftari la hesabu, na unaweza kubofya neno kwenye safu na kulibadilisha hapohapo. Hakuna programu ya hifadhidata iliyofunguliwa, ni folda tu. Halafu:

query '((KOMP:mwaka<2010)&&(KOMP:kasoro=="*betri*"))'

Majibu yanarudi papo hapo. Lakini usiishie Terminal. Fungua dirisha la kutafuta kwa Alt na F ndani ya Tracker, weka fomula ileile, uliache dirisha la majibu wazi upande mmoja wa skrini. Upande wa pili muombe mgeni aandike addattr kwa mashine yake mwenyewe. Akibonyeza Enter, faili lake linajitokeza kwenye dirisha la majibu bila mtu kubofya kitu. Utafutaji uko hai: mfumo wa faili ndio unaolijulisha dirisha kuwa kuna aliyeingia. Giampaolo alikwenda Apple baadaye na kushiriki kutengeneza Spotlight, kwa hiyo wenye Mac mezani wataona wazo hilo limetokea wapi.

Onyo ambalo ni lazima ulitoe: sifa hizi zinaishi ndani ya BFS tu. Nakili faili hizo kwenye flashi ya FAT na zitafika zikiwa tupu, kimya kimya. Ukitaka kuzisafirisha zifunge kwa zip ukiwa ndani ya Haiku, kwa sababu zip ya huko inabeba sifa. Programu za BeOS zilizopakuliwa nazo zifunguliwe ndani ya Haiku, zisifunguliwe kwenye Windows kisha zikaletwa.

Baada ya hapo, onyesha uthabiti. Bonyeza Ctrl, Alt na Delete, chagua Tracker, uiue. Ikoni zote za mezani zinatoweka, lakini video iliyokuwa ikicheza inaendelea na Deskbar, upau wa menyu na programu zilizo wazi, bado ipo, kwa sababu kila kimoja ni programu yake. Dirisha lilelile lina kitufe cha kurudisha meza ya kazi. Kwa video, cheza tatu au nne ndogo kwa pamoja, huku ProcessController ikionyesha mzigo wa kila prosesa. Hilo ndilo onyesho lililowapa BeOS sifa miaka ile. Tumia video za 480p za H.264 zilizo ndani ya diski. Prosesa ndiyo inayofanya kazi yote ya kufungua video, kwa hiyo 1080p kwenye Core 2 Duo itakata. Hakikisha sauti mapema pia: chipu nyingi za HDA zinaimba, chache zinabaki bubu hata kama draiva imepakiwa, na hakuna la kufanya ukumbini zaidi ya kadi ya sauti ya USB au kukubali ukimya.

GLTeapot, birika linalozunguka, liweke mwisho na uwe mkweli: Haiku hauna uharakishaji wa 3D wa kadi ya picha. Birika linachorwa na prosesa.

Intaneti ni sehemu dhaifu. Draiva za Wi-Fi zimeletwa kutoka FreeBSD na OpenBSD, na kadi za Intel na Atheros za umri huu hufanya kazi vizuri. Broadcom ya zamani inahitaji faili za ziada unazoleta kwa install-wifi-firmwares.sh, na hati hiyo inahitaji intaneti ili ikupe intaneti, kwa hiyo iendeshe nyumbani kwa kebo. Ukiwa ukumbini bila kebo, njia tunayoipendekeza ni simu ya Android kwa waya wa USB: washa kushiriki mtandao kwa USB kwenye simu, na Haiku unaiona kama kadi ya mtandao ya RNDIS. Usitegemee bando kufanya masasisho siku hiyo. Sakinisha kila kitu usiku uliotangulia, kisha usiguse tena.

WebPositive, kivinjari kilichokuja nao, kinafungua kurasa za habari na makala bila shida. Tovuti nzito za video hukilemea na kinaweza kuanguka. Mgeni akiomba YouTube, mwambie wazi, umrudishe kwenye folda ya kompyuta.

Kuna mambo ya Mombasa ambayo hakuna mwongozo utakaokuandikia. Upepo wa chumvi, uwe Nyali, Mji wa Kale au Likoni, huotesha ukungu wa kijani kwenye miguu ya RAM. Mashine iliyokaa kabatini miezi ikikataa kuwaka au ikilia milio, chomoa RAM, futa miguu kwa raba nyeupe ya shule kisha kwa alkoholi ya isopropili, iache ikauke, irudishe. Fanya hivyo nyumbani, kwa sababu kosa la RAM hujionyesha ndani ya Haiku kama kuanguka kusiko na mpangilio na watazamaji watalaumu mfumo. Pasta ya joto ya laptopu ya mwaka 2008 imeshakauka. Ibadilishe, la sivyo kwenye ukumbi usio na AC prosesa itapunguza mwendo na video zako nne zitaanza kugugumia.

Betri ya CMOS, ile CR2032, ni ya bei ndogo na inaua maonyesho mazima. Ikifa, BIOS inasahau mambo matatu: mpangilio wa kuwaka, hali ya SATA na tarehe. Mawili ya kwanza yanakunyima kuwaka kabisa. La tatu ni la hila: Haiku unawaka vizuri, lakini kwa kuwa saa imerudi miaka mingi nyuma, vyeti vya HTTPS vinakataliwa, na utadhani ni mtandao. Angalia saa kwenye kona ya Deskbar kabla ya kugusa draiva. Ikiwa haiko sawa, fungua Time uirekebishe kwa mkono.

Stima ikipotea, BFS ina jarida linalolinda mpangilio wa faili, kwa hiyo mashine itawaka tena bila kulalamika. Kazi isiyohifadhiwa ndiyo inayokwenda. Laptopu yenye betri nzima ni bora kuliko kompyuta ya mezani yenye UPS, maana projekta ndiyo itakayokula UPS yote. Na usifunge kifuniko ukidhani imelala. Haiku hauna usingizi unaofanya kazi: mashine inaendelea kuchemka ndani ya begi. Izime kabisa. Kuwaka kwake ni kwa haraka kiasi kwamba hutaona hasara.

Kasoro nyingine zinazomgusa mtu anayetaka kuupeleka nyumbani: mtumiaji ni mmoja tu na ana mamlaka yote, Bluetooth usiitegemee, kamera ya laptopu vivyo hivyo. Hii ni beta, na kwa mashine ya kazi ya ofisi hatuipendekezi. Kwa kujifunza kupanga programu tunaipendekeza kwa moyo wote. Maktaba zake za C++ zimepangwa kwa usafi unaofundisha, na mfumo mzima ni mdogo kiasi cha mwanafunzi mmoja kuuelewa.

Jambo moja lililotufurahisha kuliko tulivyotarajia ni usimamizi wa vifurushi. Kifurushi cha hpkg hakifunguliwi na kumwagwa ndani ya diski; kinapachikwa kilivyo, na sehemu kubwa ya folda ya /boot/system haiandikiki. Maana yake mezani ni hii: si rahisi mgeni kuivunja kwa kufuta faili la mfumo. Na ukisasisha kisha mambo yakaharibika, menyu ya kuwakia inakuruhusu kuchagua hali ya mfumo ya kabla ya sasisho. Mwachie mtoto wa shule kipanya bila hofu.

Ukilinganisha na mifumo mingine ya meza hii: KolibriOS, ulioandikwa kwa lugha ya asembli na unaoenea kwenye diski laini ya megabaiti 1.44, ni wa kushangaza zaidi kwa dakika mbili za mwanzo, na kwa mashine yenye RAM chini ya megabaiti 384 ndio wa kuchukua. Baada ya hizo dakika mbili hauna mengi ya kueleza. ReactOS unaofuata nyayo za Windows bado haujatulia vya kutosha kukabidhiwa mgeni. FreeDOS ni wa kuaminika mno, lakini wengi wanaokuja kwenye kikao wanaijua DOS tayari.

Haiku ni bure na msimbo wake uko chini ya leseni ya MIT, kwa hiyo mgeni akitaka nakala unaweza kumpa hapohapo. Usimnakilie flashi yako ya maonyesho; ina nywila za Wi-Fi ulizohifadhi na barua pepe kama uliziweka. Beba ile ISO kwenye diski ya nje, na laptopu moja ya Linux pembeni kwa ajili ya dd, umtengenezee flashi mpya ya gigabaiti 8 wakati anaendelea kutazama. Mwandikie kwenye karatasi vitu viwili: Shift wakati wa kuwaka, na Windows ikimuuliza kuformati, aseme hapana.